Kutoka Leicester hadi Glasgow na Jamii ya Sisimizi

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusimuliwa safari za Hija na Umra, au za kurudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ugenini. Watuwie radhi, basi, kwa kuwa safari tunayoisimulia hapa haikutimia kilomita 500, ilianza asubuhi na kwisha kabla ya Magharibi, haikuvuka bahari wala kuhitaji pasipoti, na abiria tuliyemhofia kuliko wote hakufika urefu wa sentimita 1. Tulihama kutoka Leicester, katikati ya Uingereza, kwenda Glasgow, Uskoti, katika wiki ya mwisho ya Shaabani 1446, yaani mwishoni mwa Februari 2025, na tulihama na malkia wa sisimizi pamoja na watoto wake wapatao 300.

Leicester ni mji ambao Mswahili hapotei. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90 za kuondoka, halmashauri ya mji huo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije, kwa hoja kwamba nyumba, shule na huduma za mji zilikuwa zimezidiwa. Walikuja vivyo hivyo, kwa maelfu, na waliojaribu kuwazuia wakaishia kula chakula chao na kununua katika maduka yao. Hata leo ukisimama dukani katika Barabara ya Evington hukosi mzee aliyezaliwa Jinja au Kisumu ambaye akisikia Kiswahili chako hugeuka na kukujibu, ingawa ngeli zake zimechakaa kwa kukosa matumizi. Bibi wa watoto wetu, ambaye ni mtu wa Wete, Pemba, na Kiingereza chake ni cha salamu tu, aliishi miaka sita katika mji huo akinunua bamia, mihogo na nguru bila kumhitaji mkalimani. Kuuhama mji wa namna hiyo si jambo dogo kwa mtu wa umri wake, wala kwa watoto ambao marafiki wao wote, wa shule na wa madrasa, walikuwa ndani ya mitaa mitatu.

Mmoja wetu alipata kazi Glasgow, na riziki haichagui mji. Tulipowakalisha watoto kuwaeleza, binti yetu mkubwa aliuliza maswali mengi: chumba chake, shule yake, rafiki zake. Mdogo wake, mwenye miaka 11 wakati huo, aliuliza moja tu. Alitaka kujua kama sisimizi wake watakwenda.

Sisimizi tunaowataja ni wale weusi wadogo wa bustanini ambao Ulaya karibu yote inawajua. Wataalamu huwaita Lasius niger. Kila mwaka, siku ya joto isiyo na upepo, Julai au Agosti, viota vingi vya mji mmoja hufunguka kwa pamoja, na malkia wachanga wenye mabawa huruka angani na madume. Siku hiyo sisi hukumbuka kumbikumbi wa nyumbani, ingawa kumbikumbi ni mchwa, na mchwa si sisimizi, jambo ambalo kijana wetu hachoki kutusahihisha. Madume hufa muda mfupi baadaye. Malkia aliyekwisha kupandwa hushuka chini, huyavunja mabawa yake mwenyewe, na kutafuta ufa wa kujificha. Mbegu alizozipokea siku hiyo ndizo atakazozitumia umri wake wote.

Ijumaa moja ya Julai 2023, tukitoka msikitini, kijana wetu alimkuta malkia mmoja akikimbia kandokando ya ukuta, mabawa yameshamtoka, katikati ya viatu vya watu. Alimtia ndani ya kikopo cha peremende na kumleta nyumbani. Alikuwa amekwisha kusoma la kufanya. Alitafuta neli ya kioo, kama zile za maabara, akaijaza maji nusu, akayazuia maji kwa pamba iliyoshindiliwa barabara, akamwingiza malkia upande mkavu na kuuziba mdomo kwa pamba nyingine inayopitisha hewa. Kisha akaiweka neli gizani ndani ya kabati la nguo. Hicho ndicho kiota chote ambacho malkia alikihitaji.

Kwa wiki nane hivi mama huyo hakula chochote. Misuli iliyokuwa ikimrusha, ambayo sasa haina kazi, huyeyuka mwilini mwake na kuwa chakula chake na cha mabuu ya kwanza. Mnamo Septemba walitoka wafanyakazi wanne, wadogo kuliko kawaida ya aina yao kwa sababu walilelewa na njaa, nao siku ya pili tu walikuwa tayari wakimlisha yeye. Tulikwenda sote kuwatazama, hata bibi, ambaye alikuwa ameapa kwamba mdudu hatawekwa kabatini pamoja na nguo za swala.

Jambo lililotufanya tulichukulie suala hili kwa uzito kuliko mchezo wa mtoto ni umri. Mfanyakazi wa jamii hii huishi mwaka mmoja au miwili. Malkia ni kiumbe wa namna nyingine kabisa: Ujerumani aliwahi kufugwa mmoja wa aina hii akaishi karibu miaka 29. Kijana wetu akijaaliwa uhai na malkia wake naye akajaaliwa, basi mmoja atakuwa mtu mzima mwenye mke na watoto huku mwingine angali anataga. Na malkia akifa hakuna wa kumrithi. Wafanyakazi huendelea na kazi zao, hupungua mmoja mmoja, na baada ya muda chumba hubaki kitupu.

Wapo watakaouliza, na jirani zetu waliuliza, kama inafaa. Nasi tulimuuliza imamu wa mtaa kabla neli haijafikisha mwezi ndani ya nyumba. Alitukumbusha kisa cha Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimtania kwa upole kuhusu kindege hicho wala hakumkataza kumfuga. Akatukumbusha pia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kati ya visa hivyo viwili, alisema, ndipo mahali penu. Kuhusu sisimizi wenyewe hakuwa na haja ya kueleza mengi, kwa kuwa watoto wa madrasa wanajua kwamba sura ya 27 imeitwa kwa jina lao na kwamba kuua sisimizi ovyo kumekatazwa.

Tunarudi kwenye uhamaji. Kampuni ya kuhamisha mizigo tuliyoikodi ilituletea fomu ya kurasa nne, na katika ukurasa wa tatu ilisema wazi kwamba haichukui kiumbe hai wa aina yoyote. Hilo halikutusumbua. Lililotusumbua lilikuwa mkataba wa nyumba mpya, ambao ulikataza kufuga mnyama yeyote bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Jamaa zetu wawili walitushauri kwa nia njema tunyamaze: nani ataingia kabatini kuhesabu sisimizi? Lakini tulikuwa tumeutia saini mkataba huo kwa mkono wetu, na kijana alikuwa ameketi pale akisikiliza tutakavyoamua. Tuliandika barua.

Mwenye nyumba alipiga simu siku ya pili. Alitaka kujua ni wangapi. Tulimwambia ni mia tatu hivi. Palipita kimya kirefu, kisha akasema atafikiri. Siku tatu alizofikiri zilikuwa ndefu sana katika nyumba yetu, kwa sababu njia nyingine hazikuwa nzuri. Kuwaachia nje mwezi wa Februari, ardhi imeganda, kungekuwa kuwaua. Kuwapeleka na kuwaachia Uskoti wakati wa kiangazi lilikuwa jambo ambalo wafugaji wenye adabu hulikataa, kwani viumbe hurudishwa mahali walipotwaliwa, si popote palipo na nafasi. Rafiki wa kuwapokea hakupatikana. Aliyekubali alikatazwa na mama yake. Jibu lilipokuja lilikuwa la ndiyo, pamoja na masharti mawili: wasitoke katika chumba kimoja, na wakionekana jikoni au ngazini, sisi tutamlipa mpiga dawa atakayekuja kuisafisha nyumba nzima. Sharti hili la pili lilimkosesha kijana usingizi. Alijua mpiga dawa akiingia hatabagua sisimizi wa nje na wa ndani.

Bahati ni kwamba uhamaji uliangukia majira yaliyo bora. Tangu Oktoba jamii hiyo ilikuwa imelala usingizi wa baridi, kama inavyolala ardhini, na usingizi huo haukwepeki: malkia anayenyimwa baridi mwaka baada ya mwaka hudhoofu. Nyumba za Uingereza zikiwa na joto mchana kutwa, mahali pekee pa kuwalaza palikuwa droo ya chini ya jokofu, kati ya nyuzi joto 5 na 8, wakipakana na bamia za bibi. Alilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikuwa yeye anayewakemea watoto wanaouacha mlango wa jokofu wazi.

Wageni hudhani kwamba kinachoogopewa safarini ni sisimizi kutoroka. Waliolala baridi hawatoroki; huwa wamekusanyika kama donge jeusi, malkia katikati, wakisogea kwa taabu. Maadui wa kweli ni watatu, nao hufanya kazi pamoja. Wa kwanza ni mtikiso, kwa kuwa sisimizi husikia kwa miguu, na kila shimo la barabara kwao ni tetemeko. Wa pili ni joto la gari, linaloweza kuwaamsha kabla ya wakati wakati hawana chakula. Wa tatu, naye ndiye mbaya zaidi, ni maji yao wenyewe: hewa iliyobaki nyuma ya pamba hutanuka ikipata joto na kuyasukuma maji mbele, na neli nzima inaweza kufurika. Zaidi ya hayo, sisimizi hawa hawana mwiba bali hurusha asidi, na wakitaharuki ndani ya chombo kisichopitisha hewa hujidhuru kwa asidi yao wenyewe.

Tulitumia deli, lile lile la kubebea vinywaji siku za Idd. Chini tuliweka chupa mbili za maji yaliyogandishwa, zimefungwa taulo ili baridi isiwafikie moja kwa moja. Juu yake kanga kuukuu ya bibi iliyokunjwa mara nne. Juu ya kanga ile neli, imelazwa na kukazwa isibingirike, imefunikwa kitambaa cheusi. Na pembeni kipimajoto chenye waya ambacho tarakimu zake zilisomeka nje bila kufungua. Deli lilikwenda nyuma kabisa ya gari, mbali na kipasha joto. Bibi aliketi mbele, penye joto lote. Kijana alikubali mpango huo kabla hatujaueleza, maana alikwisha kufahamu kwamba haki ya bibi inatangulia haki ya malkia.

Tulitoka saa mbili asubuhi, lori la mizigo likiwa limetutangulia. Njia hushika kaskazini-magharibi kupita Stoke, mji wa wafinyanzi, kisha huingia barabara kuu ya M6 na kuifuata mpaka mpakani. Sehemu ya kwanza haina la kusimulia: malori, mvua ya rasharasha, madaraja. Preston ina heshima yake katika historia ya usafiri, kwa kuwa ni pale ambapo kipande cha kwanza cha barabara za aina hii nchini Uingereza kilifunguliwa, Desemba 1958. Kila dakika kumi sauti ilitoka nyuma ikisoma nyuzi joto. Saba. Saba na nusu. Saba.

Baada ya Lancaster nchi hubadilika ghafla, na tunathubutu kusema kwamba hakuna kipande cha barabara kuu Uingereza kinachopendeza kuliko kile. Milima hukaribia pande zote mbili, mto Lune hupita chini yake, na reli na barabara hubanana katika upenyo mmoja kama wasafiri wanaogombea kivuko. Theluji nyembamba ilikuwa ingali juu ya vilima, na kondoo wamesimama ndani yake bila kujali. Tulipumzika Tebay, mahali penye duka la wakulima na bwawa la bata. Mbele yake barabara hupanda Shap, mita 316 juu ya usawa wa bahari, na hatukutaka kupanda bila ya kuswali. Tulitandika miswala kwenye nyasi kando ya bwawa, makoti mwilini, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza kama wasafiri. Bata wawili walikuja hadi ukingo wa mswala, wakatutazama na kuondoka.

Ndipo kijana alipofungua deli kukagua, na tukamsikia akivuta pumzi. Kipimajoto kilisema 9, si mbaya, lakini pamba ilikuwa imelegea. Maji yalikuwa yamevuka na kufanya kidimbwi chembamba upande wa sisimizi. Sita walikuwa ndani yake, hawatikisiki. Donge lenyewe, na malkia ndani yake, lilikuwa limesogea upande mkavu, na kati yake na maji palibaki upana wa kidole.

Hatukuwa na la kumshauri, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua. Aliinua neli taratibu ili maji yarudi nyuma kuelekea pamba. Alimwomba dada yake asokote karatasi laini iwe nyembamba kama utambi. Kisha, kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka kwa baridi au kwa hofu, aliifungua pamba ya mdomo, akauingiza utambi pembeni mwa donge bila kuligusa, akaufikisha majini na kuuacha unywe. Aliutoa, akaingiza wa pili, kisha wa tatu. Baridi ya Tebay, ambayo sisi tulikuwa tukiilaani, ndiyo iliyotusaidia: katika joto la nyumbani wangeenea mkononi mwake mzima kabla ya utambi wa kwanza. Wakati ule walitikisa papasi zao tu. Neli ilipokauka aliirudisha pamba, akaiweka mahali pake, na alipomaliza hakusema kitu. Alikwenda kukaa karibu na bibi.

"Hao sita wamekufa," alimwambia.

"Usihangaike, mume wangu," bibi alimjibu, kwa utani wa bibi na mjukuu ambao ugenini haujaufuta. "Chungu hafi kwa maji kidogo. Ngoja akauke."

Bibi huwaita chungu, kama watu wengi wa kwao, na dada mtu kila mara huuliza ni chungu cha kupikia au chungu kama dawa. Safari hii hakuuliza.

Tulipokuwa tukipanda Shap bibi alisimulia maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu yao na kuishi mitini. Wachumaji wa karafuu huwajua kwa maumivu. Lakini babu yake, alisema, hakuruhusu kiota chao kuchomwa katika minazi yake, kwa kuwa mnazi wenye maji moto huzaa na usio nao hudondosha vidaka. Hakuna aliyemfundisha; aliona. Na babu yule hakuwa amekosea. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Kiingereza M. J. Way alifanya uchunguzi Zanzibar na kuthibitisha kwamba maji moto huwafukuza kunguni wanaofyonza nazi changa na kuziangusha. Siku hizi wataalamu wa Tanzania wamewachunguza kwa ajili ya mikorosho. Wachina wanazo habari za kale zaidi: miaka ipatayo 1,700 iliyopita iliandikwa kwamba viota vya jamaa zao vilikuwa vikiuzwa sokoni, mnunuzi anakwenda navyo nyumbani na kuvitundika katika michungwa yake. Kwa hiyo kuhama na chungu si wazimu uliozuliwa na mtoto wetu.

"Babu alikuwa akiwahamishaje?" kijana aliuliza.

"Hawahamishi. Anakata tawi lenye kiota alfajiri, bado wamezizima, analitia kipolo, anakimbia." Alitafakari kidogo. "Mbio sana."

Kijana alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Lancaster.

Tulivuka mpaka Gretna, kijiji kilichokuwa kimbilio la wapenzi wa Kiingereza waliotaka kuoana bila ridhaa ya wazazi, na binti yetu akaambiwa afumbe macho mpaka tupite. Kutoka hapo barabara hupanda tena hadi Beattock, miinuko myeupe, vijiji vichache, kisha hushuka taratibu katika bonde la mto Clyde mpaka mji unatokea. Tulifika Pollokshields saa kumi na moja kasoro, mwanga ungalipo.

Ni mtaa wa majengo ya mawe mekundu na ya manjano, ghorofa tatu au nne, yenye ngazi moja ya wote katikati, na madirisha marefu ambayo waliyoyajenga hawakufikiria bili ya kupasha joto. Harufu ya vitunguu na bizari ilitupokea ngazini. Waislamu ni wengi katika mtaa huo, wengi wao asili yao Pakistani, na ingawa hakuna mzee wa Jinja wa kumjibu bibi kwa Kiswahili, jirani wa chini alipanda na sahani ya wali hata kabla vitanda havijaunganishwa. Bibi na jirani huyo hawana lugha moja. Hilo halijawazuia kuzungumza tangu siku hiyo.

Kijana alilipandisha deli mwenyewe, ngazi kwa ngazi, hadi ghorofa ya juu. Kile chumba kisicho na kipasha joto, ambacho tulidhani ni kasoro ya nyumba, kilikuwa na nyuzi joto 8. Aliiweka neli sakafuni, akaangaza kwa tochi yenye karatasi nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hawauoni vyema, akahesabu. Kati ya wale sita, wanne walikuwa wakitembea.

Ramadhani iliingia Jumamosi iliyofuata, Machi 1. Tuliifunga katika nyumba yenye makasha yasiyofunguliwa, tukifuturu juu ya meza iliyokosa mguu mmoja, na siku tulipolalamika kuhusu daku ya mkate mkavu bibi alinyoosha kidole kuelekea kile chumba. "Wale wamefunga tangu Oktoba," alisema, "na hawajauliza kuna nini cha kufuturu." Ilikuwa Ramadhani ngumu kwa watoto. Misikiti ilijaa, watu walikuwa wema, lakini tarawehe miongoni mwa nyuso usizozijua haifanani na ile ya nyumbani, na jioni nyingi kijana alirudi na kwenda moja kwa moja kukaa sakafuni katika chumba cha baridi, kwenye giza, bila kuwasha hata tochi.

Siku tatu baada ya Idd alianza kuwaamsha, akiisogeza neli kila siku kidogo kuelekea upande wenye joto. Walipozinduka aliwapa tone la asali iliyochanganywa na maji na kipande cha tende kisichozidi punje ya mchele. Wa kwanza waliofika walikunywa hadi matumbo yakawa kama ushanga wa kioo, wakarudi na kuwamiminia wengine mdomo kwa mdomo, maana sisimizi ana tumbo la pili ambalo si lake peke yake, huhifadhi humo cha kuwapa wenzake. Wa mwisho kufikiwa hakuwa malkia, kama tulivyotazamia, wala wa kwanza hakuwa yeye. Katikati ya Aprili palionekana chini ya tumbo lake kirundo cheupe kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mayai.

Mwezi wa Mei zilitufikia habari za Kenya, na tulizisoma sote mezani. Mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne, vijana wawili wa Ubelgiji wenye miaka 19, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja, faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kujaribu kuwatoa nchini malkia wa sisimizi. Wabelgiji peke yao walikutwa katika kaunti ya Nakuru na sisimizi wapatao 5,000 ndani ya neli zaidi ya 2,000, kila neli na pamba yake. Wengi walikuwa wale wavunaji wakubwa wekundu wa Afrika Mashariki, wanaokusanya mbegu za nyasi na kuzisambaza. Ulaya malkia wao mmoja alitajwa kufikia bei ya pauni 170.

Kijana aliitazama picha ya neli kwa muda. Zilifanana na yake kabisa. Mwaka mzima uliotangulia alikuwa akitutajia wavunaji hao wa Kenya, akiweka akiba ya pesa za Idd, na ukutani kwake palikuwa na picha ya mmoja wao aliyoikata katika jarida. Tulizungumza naye kama mtu mzima. Malkia mmoja akiondolewa Gilgil, hakutoki mdudu mmoja. Hutoka kiota chote ambacho angekizaa, kwa miaka mingi, na mbegu zote ambazo kiota hicho kingezipanda. Elfu tano ni malisho mazima. Sisi hatuoni tofauti kati ya mwizi wa pembe na mwizi wa papasi ila uzito wa mzigo, na tunashangaa kwamba ilichukua miaka mingi watu kuliona hilo. Kesho yake picha haikuwepo ukutani. Akiba ilinunua kiota cha plasta chenye vyumba vidogo na kioo juu, kwa ajili ya hawa hawa weusi wa bure.

Kuwahamisha humo hakukuhitaji deli wala maombi. Sisimizi hawasukumwi, huwekewa nyumba mpya yenye giza na unyevu, na ya zamani hufunuliwa mwanga, kisha mwenye nyumba husubiri. Skauti mmoja alikwenda, akarudi, akawagusa wenzake kwa papasi. Usiku wa pili walianza kubeba mabuu, mmoja mmoja, kwa saa tano. Malkia alikwenda mwisho, kwa miguu yake, akiwa amezungukwa.

Mwezi wa Juni, jua likizama karibu saa nne usiku na Isha ikiwa tatizo la kila nyumba, mwenye nyumba alikuja kukagua bomba lililokuwa likivuja. Ni mzee mrefu, msemaji mchache. Alisimama ukumbini, akakohoa, akauliza kama wale wapangaji wengine wapo. Kijana alimpeleka chumbani, akafunga mlango, akampa tochi nyekundu na kumwonyesha pa kutazama. Tuliwasikia kupitia mlangoni: yupi ndiye, anakula nini, huyo mwingine amebeba nini, na huyu mwaka gani amezaliwa. Chai ilipoa. Alipotoka baada ya nusu saa alituomba ruhusa ya kuwaleta wajukuu zake Jumapili, akaaga, na akawa ameshafika chini kabisa ya ngazi alipokumbuka bomba.